Maneno na mikono kwenye nywele za wanawake weusi kazini: mwongozo uandikweje?

Karani
Wakuu, habari zenu. Naandaa mwongozo wa ukurasa mmoja wa kazini kuhusu maneno wanayoambiwa wanawake weusi juu ya nywele zao. Yale ya kila siku: "Hizo ni zako kweli?", "Huwa unaziosha?", "Mbona wiki iliyopita zilikuwa ndefu?", "Ungezichana kabla ya kikao." Pia wale wanaonyoosha mkono na kugusa hata kabla ya salamu. Ukurasa wa "tuheshimiane" tu siutaki, maana huo husomwa na kusahaulika. Nataka dhana potofu iliyo chini ya kila neno, na jinsi mwenye nywele anavyoweza kujibu papo hapo bila kugeuzwa mwalimu wa wenzake. Naombeni msaada.

Msusi
Anza na kuosha, maana hapo ndipo penye tusi kubwa. Unywele uliojikunja sana ni bapa, si mviringo, na umepinda tangu ndani ya ngozi. Mafuta ya kichwani huteleza kwa urahisi kwenye nywele za singa. Kwenye zilizojikunja hubaki karibu na shina na ncha zinakauka. Kwa sababu hiyo madaktari wa ngozi hushauri kuziosha mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Ukiziosha kila siku kwa shampuu kali zitakatika, hasa kwenye mapindo, ambako ndiko kwenye udhaifu. Anayeona huo ni uchafu anazipima kwa nywele za aina nyingine.

Zikiwa zimesukwa, kichwa kinaoshwa vilevile. Shampuu inazimuliwa kwa maji kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, inapitishwa kwenye mistari, ngozi inakandwa kwa ncha za vidole wala si kucha, inasuuzwa mpaka maji yatoke bila povu, kisha nywele zinakaushwa kabisa. Rasta zikifungwa zikiwa na unyevu ndani ndipo zinapotoa harufu. Hapo kosa ni la ukaushaji, msuko hauna hatia.

Na hilo la "mbona zilikuwa ndefu": nywele za mikunjo midogo zikikauka husinyaa, wakati mwingine zikabaki robo tu ya urefu wake. Zikiachiwa zinaishia sikioni, zikinyooshwa kwa moto zinagusa mabega, na hakuna aliyeongeza wala kukata kitu. Wanaosema hazikui nao wanakosea. Zinaota, takriban sentimita moja kwa mwezi; ugumu ni kuzizuia zisikatike nchani.

Afisa_Utumishi
Kuhusu mikono, mwongozo utaje kitendo chenyewe: hakuna kugusa nywele za mwenzako, na kuomba ruhusa ukiwa umeshanyoosha mkono si kuomba. Kwa mwenye nywele, rudi nyuma nusu hatua, inua kiganja, sema "Usiguse, tafadhali," kisha endelea na kazi. Usiongeze sababu. Ukisema "nimetoka kusuka leo", umempa ruhusa ya kesho.

"Hizo ni zako?" inajibika kwa "Kwa nini unauliza?" na kunyamaza. Wengi hawana jibu la kulitamka. Wigi, rasta au nywele zake mwenyewe, hilo ni suala la mwili wake na halihusiani na kazi.

Sifa nazo zitazamwe. "Umependeza" inatosha. "Leo ndiyo umekuwa nadhifu", ikisemwa siku aliyonyoosha nywele, inamwambia kwamba siku nyingine zote hakuwa nadhifu.

Mzigo mkubwa upewe msimamizi. Akisikia neno kwenye kikao, aseme yeye: "Nywele za mtu hazimo kwenye ajenda, tuendelee." Likirudiwa, aliyeambiwa aandike siku hiyohiyo: tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyotamkwa, nani alikuwepo, alijibu nini. Malalamiko mengi hukwama kwa sababu yameandikwa "alinidharau" bila maneno yenyewe.

Mwanasheria
Angalieni na kanuni zenu za mavazi. Maneno kama "nadhifu" au "nywele zinazokubalika" yanamwachia bosi apime kwa macho yake. Andikeni kinachohitajika na sababu yake: nywele ndefu zifungwe au zifunikwe karibu na mashine zinazozunguka, kwa watu wote. Kisha tajeni kwa majina kwamba afro, mabutu, twende kilioni, rasta, dredi na vilemba vinaruhusiwa.

Kutaja kwa majina kuna sababu. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya shirikisho nchini Marekani ilikataa kesi ya mwanamke mweusi aliyenyang'anywa nafasi ya kazi kwa kukataa kukata dredi. Hoja ilikuwa kwamba mtindo wa nywele unabadilika, kwa hiyo si rangi. California ikawa jimbo la kwanza kuziba pengo hilo, mwaka 2019, kwa sheria iitwayo CROWN Act: nywele za asili na mitindo ya kuzilinda zikaingizwa kwenye maana ya ubaguzi wa rangi.

Msusi
Hoja ya "zinabadilika" inanikera, kwa sababu kuzibadilisha kunaumiza. Dawa ya kunyoosha ni alkali kali: ikipitiliza muda au ikikuta ngozi iliyokwaruzwa, inachoma mpaka vidonda. Na anayeambiwa "zibane vizuri" akazivuta kila siku, kwanza hutokea vipele vidogo kwenye paji na juu ya masikio, halafu nywele za hapo hupungua. Akiwahi kulegeza zinarudi. Akichelewa, ngozi hupata kovu na hazioti tena.

Karani
Asanteni sana. Je, anayeuliza kwa nia njema, anataka tu kujifunza?

Afisa_Utumishi
Asubiri mwenye nywele aanzishe mazungumzo hayo. Maelezo ya msingi yawekwe kwenye ukurasa wako, ili mtu mmoja asiulizwe na ofisi nzima. Na kabla hujauchapa, kagua stoo: kofia ngumu na neti za nywele ziwepo za saizi kubwa, zinazoingia juu ya rasta bila kubana. Zikiwa za saizi moja tu, mtu ataambiwa "nywele zako ni tatizo" wakati tatizo ni kofia.