Asidi ikimwagika Amu (mji wa Lamu): tuanze na gari la zimamoto au na mahamali wa gatini?

Mwanzisha mada, Mkomani
Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya limeipa kaunti kazi ya zimamoto na kukabili maafa. Hapo hatubishani. Tunabishana pesa zianzie wapi. Wengi barazani wanataka gari kubwa lenye vifaa vya kemikali. Mimi nasema tuanze na kuwafunza mahamali wa gatini.

Asidi ya betri, klorini ya mabwawa ya kuogelea ya Shela, kostiki soda ya watengeneza sabuni: vyote huvuka kutoka Mokowe, upande wa bara, kwa boti, vikashushwa kwa mikono na kupandishwa mgongoni mwa punda. Dumu likipasuka Langoni, gari litapita kichochoro gani? Atakayekuwepo ni hamali na mwenye punda. Mmoja akikimbilia ndoo ya maji na kuimwagia asidi kali ya salfa, isiyochanganywa na maji, itachemka imrukie usoni. Yafaa mchanga mkavu wa kuizuia, kisha magadi, yanyunyizwe kidogo kidogo, maana nayo hutoa povu na joto. Vumbi la mbao lisikaribie.

Na kuta zetu ni matumbawe na chokaa, chakula cha asidi. Ikiteremka mtaroni ikakutana na maji ya kufulia yenye klorini, hutoka gesi nzito kuliko hewa. Haipandi juu, inatambaa chini pale walipoketi wazee.

Dereva wa lori, Malindi
Ndugu yangu, waona kisiwa tu. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021, na mzigo ukizidi, matangi yatapita Gongoni na Garsen. Tangi si dumu la lita 20. Kumbuka Sachangwan, Januari 2009: lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya mia. Sisi ajali hatuikimbii, twaikimbilia. Siku tangi likiwa na asidi, watakuja na ndoo zile zile.

Lile bamba la rangi ya chungwa kwenye tangi lina namba ya kemikali iliyomo: 1830 ni asidi ya salfa, 1789 hidrokloriki, 1824 kostiki iliyoyeyushwa. Mwongozo wanaoutumia wazimamoto wa Marekani na Kanada unataka watu waondolewe angalau mita 50 kila upande, kwa kuanzia tu. Umati wa Gongoni siku ya soko utauondoa kwa magadi?

Mwanzisha mada
Kaka, kusoma bamba hakuhitaji gari. Mfunze mwenye kibanda pale kituoni, atafika kabla ya king'ora.

Hamali, gati la Amu
Mwatujadili kama hatupo. Mimi nalipwa kwa mzigo. Dumu laja limeandikwa mafuta ya kupikia, ndani kuna asidi, na mwenyewe hasemi kitu kwa kuwa akisema nitataka nyongeza. Mkinifunza, nashukuru. Lakini macho yangu yakiharibika nikiokoa kichochoro chenu, nani atanilipa? Hakuna aliyegusa hapo. Na kabla ya mafunzo, asidi isipande boti moja na abiria. Nimeona mtoto kaketishwa juu ya dumu.

Mwenye duka la betri, Langoni
La mtoto ni aibu, nakubali. Lakini ukisema asidi ipande boti yake peke yake, nauli hiyo itamwangukia mvuvi mwenye betri moja ya taa. Ukipiga marufuku kabisa, itavuka usiku, na usiku hakuna wa kuuliza. Afadhali dumu liandikwe kilichomo, lisimame wima ndani ya ndoo kubwa ya plastiki yenye mfuniko, likae mbali na klorini. Gharama hiyo naiweza.

Muuguzi, Mokowe
Jamani, niongeze moja. Magadi ni ya sakafu. Kwenye ngozi usipake magadi, wala maziwa, wala dawa ya meno. Mvue nguo mara moja, mtiririshie maji mengi dakika 20 bila kukatiza, macho yakiwa yamefumbuliwa. Ndoo moja haitoshi. Mfereji (bomba) wa maji matamu gatini, unaofunguka mchana na usiku, mimi ningeuweka mbele ya gari na mbele ya semina.

Nahodha mstaafu, Matondoni
Wanangu, kusi ama kaskazi, kwanza tazama upepo. Kaa joshini, kule utokako. Mabaharia hawahitaji kufunzwa hili, ila nimeona watu wa mjini wakisimama upande wa moshi kutazama.

Mwanzisha mada
Mzee, shikamoo. Hamali amenibana, na muuguzi pia. Basi pendekezo langu sasa: mfereji Mokowe na Amu, mapipa ya mchanga na magadi, miwani na glavu za mpira, na mwenye mali asiyeandika dumu alipe matibabu ya aliyeumia. Boti ya abiria bado nasita. Neno la mwenye duka kuhusu usiku si dogo. Dereva wa Malindi, ukileta hesabu ya gari, tia na mshahara wa wazimamoto wa zamu ya usiku.