Filamu za kale za sanaa: ipi itangulie kupata diski mpya? Mariamu, Maangamizi, Mueda au Harvest

KaoleMagofuni (Bagamoyo)

Habari zenu wadau. Tuseme imetokea kampuni ya diski iko tayari kubeba filamu moja tu ya sanaa kutoka ukanda wetu, iupige skani upya mkanda wa asili, itoe DVD na Blu-ray zenye maandishi ya Kiswahili. Ipi itangulie? Nimebakiza nne:

– Arusi ya Mariamu (1985), ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, dakika 36.
– Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar.
– Mueda, Memória e Massacre (1979), ya Ruy Guerra, Msumbiji.
– Harvest: 3000 Years (1976), ya Haile Gerima, Ethiopia, saa mbili na nusu.

Touki Bouki, La Noire de..., Mandabi na Sambizanga nimeziacha makusudi. Hizo Criterion, kampuni ya Marekani ya diski za filamu, wameshazitolea diski, kura ikienda huko imepotea.

Yangu naipa Arusi ya Mariamu, na sababu ni umri wa mkanda. Wataalamu wa hifadhi wanakadiria kwamba mkanda wa asetati (plastiki inayobeba picha) ukikaa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, unapata miaka kama 40 kabla haujaanza kunuka siki, yaani kuoza. Chukua 1985, jumlisha 40. Na hizo ni nyuzi 21, si joto la pwani.

Msufini (Tanga)

Hesabu iko sawa, ila mwaka peke yake hausemi kitu. Mwenye kusema ni kopo la kuhifadhia mkanda.

Kuna vikaratasi vya kupimia asidi, vinaitwa A-D, vya Image Permanence Institute ya Marekani. Unaweka kimoja ndani ya kopo, unalifunga, unaliacha siku nzima kwenye joto la chumbani, kisha unalinganisha rangi na penseli inayokuja na pakiti. Kikibaki buluu, mkanda ni mzima. Kikigeuka kijani, uozo umeshaingia. Kikifika njano, mkanda umeanza kusinyaa, matundu yake hayalingani tena na meno ya mashine, ukilazimisha unachanika. Hapo inatafutwa skana inayovuta mkanda kwa rola laini bila meno.

Rangi hizo zinasomwa kwa alama, kuanzia 0 ya buluu hadi 3 ya njano, na alama ya kuogopa ni 1.5. Toka hapo asidi inajizalisha yenyewe, na mvuke wake unaambukiza makopo ya jirani. Kwa hiyo kabla hatujabishana ipi nzuri, mwenye negatifu (mkanda wa asili uliopita kwenye kamera) aulizwe alama yake ni ngapi. Filamu yenye 1.5 ipite mbele ya yenye 0, hata kama hiyo ya pili imejaza tuzo ukutani.

Mikanda ya rangi ina tatizo la pili. Nakala nyingi za miaka ya 1970 zimepoteza buluu na kijani, picha nzima imekuwa ya waridi. Mueda na Harvest ni nyeusi na nyeupe, picha zake zimeshikwa na fedha, hazififii namna hiyo. Kwao kinachooza ni plastiki iliyobeba picha.

BintiMkonge (Tanga)

Kaka Kaole, Mueda umeitaja ukaipita mbio. Mimi naipa kura yangu yote.

Tarehe 16 Juni 1960 watu waliuawa mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno pale Mueda. Baada ya uhuru wenyeji wakawa wanaigiza tukio lile mahali palepale, na Guerra akapeleka kamera akalinasa igizo pamoja na watu wanaolitazama. Wareno wanaigizwa na Waafrika. Unamwona mwigizaji anafoka kama bwana mkubwa, na fremu hiyohiyo inaonyesha watazamaji wanacheka, kisha anakuja mtu aliyekuwepo siku ile anatoa ushuhuda wake akiitazama kamera. Anayesoma jukwaa la mitaani, vichekesho na maombolezo atatoka na mengi humo kuliko kwenye kitabu.

Halafu inatuhusu. Wamakonde wa Msumbiji wamekata mkonge mkoa huu kwa vizazi. Wajukuu zao wako Muheza, wako Korogwe, wako Ngamiani. Filamu inasema Kimakonde na Kireno. Weka Kiswahili chini yake, na nyumba nyingi zitaisikia lugha ya babu na kuielewa kwa mara ya kwanza.

DekiNaWaya (Bagamoyo)

Tuangalie diski yenyewe, maana huko ndiko kazi nzuri huharibikia.

DVD ya safu moja inabeba gigabaiti 4.7, na kiwango cha juu cha picha ni megabiti 9.8 kwa sekunde. Arusi ya Mariamu ya dakika 36 hata ukiipa kiwango chote haifiki gigabaiti 2.7. Inabaki nafasi ya mahojiano na filamu fupi nyingine. Harvest ya dakika 150 kwenye diski hiyohiyo inapata megabiti 4 na kidogo tu, ukitoa sauti hata 4 hazifiki. Ile ni milimita 16, picha imejaa chembe, vile vidoti vya mkanda wenyewe, na chembe ndizo zinazokula biti. Anga na vumbi vitavunjika vijiboksi. Harvest inataka DVD ya safu mbili, gigabaiti 8.5, iliyogongwa kiwandani. Msiichome kwenye diski tupu za safu mbili, deki nyingi za zamani zinakwama pale zinapohamia safu ya pili.

Halafu kuna maeneo: diski hufungwa ichezwe na deki za sehemu fulani ya dunia tu. Diski za Blu-ray za Criterion za Marekani ni eneo A, sisi Afrika tuko B. Mtu anaagiza, anapokea, anaweka, haisomi. Kwa DVD sisi ni eneo 5. Toleo tunalolizungumzia liwe huru kwa maeneo yote, la sivyo tunawatengenezea wengine.

Tena fremu isikatwe. Milimita 16 ya kawaida ina umbo la 1.37. Ukiijaza kwenye televisheni pana unatupa karibu robo ya picha, juu na chini: vilemba vinakatwa, na miguu ya wachezaji inapotea. Iachwe na weusi pembeni.

MwalimuWaNgoma (Bagamoyo)

DekiNaWaya amesema kweli kuhusu picha. Sauti nayo ina mtego wake.

Filamu hupigwa fremu 24 kwa sekunde. DVD ya mfumo wa PAL inakwenda 25. Watengenezaji wengi wanaiharakisha tu ili iingie. Dakika 36 zinakuwa 34 na nusu, na sauti yote inapanda kama asilimia 4. Kwenye mazungumzo huenda usigundue. Kwenye ngoma unagundua mara moja: ngoma kubwa inapoteza kifua na mwimbaji anasikika mdogo kuliko umri wake. Mwanafunzi anayejifunza mdundo kwenye diski ya namna hiyo anajifunza mdundo wenye haraka isiyo yake. Blu-ray inashika 24 bila shida. DVD itolewe kwa mfumo wa NTSC, ule wa Marekani, wenye alama inayoiambia deki irudie baadhi ya picha, mwendo unabaki ule wa asili, na deki nyingi za huku zinacheza NTSC na PAL vilevile.

Jahazi_la_Pangani

Shikamoo mwalimu. Mbona Maangamizi haitetewi na mtu? Amandina Lihamba anaigiza Samehe, mgonjwa asiyesema, na BarbaraO ndiye daktari aliyetoka Marekani. BarbaraO ni yuleyule Yellow Mary wa Daughters of the Dust (1991), ambayo imeshasafishwa na kupewa Blu-ray. Mnunuzi wa nje anamjua. Kampuni ikitaka kurudisha fedha zake, hii ndiyo njia. Na mpaka filamu ya Vuta N'Kuvute ilipopelekwa, ndiyo ilikuwa peke yake kwenye safari ile ya Oscar kwa jina la Tanzania.

MwalimuWaNgoma (Bagamoyo)

Marahaba. Hoja ya soko naikubali. Uso wa Lihamba pia unataka diski bora, kwa sababu yote anayoyasema Samehe yako machoni. Lakini filamu ya 2001 ina umri mdogo kwa miaka 16 kuliko Mariamu. Inaweza kungoja zamu moja.

BintiMkonge (Tanga)

Na maandishi ya Kiswahili atayaandika nani? Kipimo cha kawaida ni mistari miwili, kila mmoja usizidi herufi 37 hivi, na mtazamaji anasoma kama herufi 12 hadi 15 kwa sekunde. Maneno yetu ni marefu. "Hawakuturuhusu" peke yake ni herufi 14, yaani sekunde nzima. Anayetafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza anajaza skrini, mtu anasoma badala ya kutazama. Mfasiri aisikilize sauti yenyewe na apunguze. Kwa Mueda atafutwe anayejua Kimakonde, tusipitie Kireno halafu Kiingereza ndipo tufike nyumbani.

Msufini (Tanga)

Hapo hapo yakhe, mwambieni mwenye haki asitoe nakala ya maonyesho iliyogongwa maandishi ya Kiingereza juu ya picha. Yale hayafutiki, ukiweka Kiswahili yanakaa mistari minne. Iombwe negatifu ya asili. Kwa milimita 16 skani ya 2K (upana wa vitone kama elfu mbili) inatosha. 4K ni nzuri kama fedha ipo, ila ningeanza kuilipia rangi na sauti.

KaoleMagofuni (Bagamoyo)

Nimesoma yote. Nabaki na Mariamu kwanza, Mueda iwe ya pili, ila kipimo cha siki kiwe na haki ya kubadili mpangilio huo. Mwalimu, kwenye sauti tuombe nini hasa? Negatifu inatosha?

MwalimuWaNgoma (Bagamoyo)

Haitoshi. Negatifu ya picha haina sauti. Na ule mstari wa sauti ulio pembeni ya nakala ya milimita 16 unabeba sauti za hadi kilohezi 5 au 6 basi, zile nyembamba zaidi zinapotea, kayamba na njuga zinabaki kama mchanga. Waombe mkanda wa sumaku wa mchanganyiko wa mwisho, ule uliotangulia kabla sauti haijahamishiwa kwenye nakala. Kopo huwa limeandikwa neno "mix". Ila oksidi ya chuma iliyopakwa juu yake inaharakisha siki, kwa hiyo mara nyingi mkanda wa sauti unaoza kabla ya picha. Kopo hilo lipimwe la kwanza, litengwe na mengine siku hiyohiyo, na lihamishwe kwenye kompyuta hata kabla fedha ya picha haijapatikana.