Mbegu za mgagani hazioti: nimekosea wapi?

Swali
Ndugu wanajamvi, mgagani (mboga ya majani ya kienyeji) unaojiotea pembezoni mwa shamba langu hunawiri kila mvua inyeshapo bila mtu kuushughulikia. Hata hivyo, mbegu nilizochuma kwenye mimea hiyohiyo na kuzipanda juma lililofuata katika tuta lililolimwa vizuri zimetoa miche 3 tu. Nilizifukia kina cha kidole kizima na kumwagilia asubuhi na jioni. Naomba mwongozo.

Jibu la kwanza
Ndugu yangu, ulizipanda mapema mno. Mbegu ya mgagani ikitoka kwenye ganda huwa ingali imelala, na hata ukiipa maji ya kutosha haiamki mpaka ihifadhiwe pakavu kwa miezi 3 hadi 6. Hiyo inayojiotea pembezoni ilidondoka msimu uliopita, ikamaliza usingizi wake ardhini. Tena ulizifukia mno: ni mbegu ndogo sana, nyeusi, ya duara na yenye mikunjo, na chipukizi lake halina nguvu ya kupenya udongo mwingi. Ichanganye na mchanga mkavu, uipande kina cha sentimita 1 hivi, na usiiache wazi, kwa sababu mwanga huizuia kuota. Subiri pia majira ya joto; penye nyuzi 30 huota vizuri zaidi.

Jibu la pili
Naunga mkono, ila punguza maji, kwani mgagani hustahimili ukame kiasi lakini udongo unaotuamisha maji huuozesha. Tazama unakopenda kuota wenyewe: kwenye mazizi ya zamani na majalala, penye jua kali na samadi iliyooza. Ni mmea wa msimu mmoja, na ukianza kutoa maua majani hupungua na kuwa madogo. Kwa hiyo kata ncha mapema na uondoe vikonyo vya maua kila vinapochomoza. Iache mimea michache izae, na uvune maganda yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu.

Jibu la tatu
Niongeze kuhusu matumizi. Majani machanga yana uchungu unaopungua yakichemshwa, ingawa ukiyamwaga maji yale unapoteza pia sehemu ya vitamini C. Ukiyasugua vidoleni yananata na kutoa harufu kali, na harufu hiyo hufukuza kupe na utitiri mwekundu unaoshambulia mimea. Kwa sababu hiyo mimi huupanda katikati ya mistari ya mboga nyingine.