Tupeane uzoefu: ukumbi wa usiku ukiomba leseni jirani na kwako, ulifanyaje?

Mama Mdogo
Wakuu, naandika saa saba na nusu usiku kwa sababu kulala haiwezekani. Jengo la jirani lilikuwa ghala, sasa ni ukumbi wa muziki. Tangazo la leseni lilibandikwa getini, nikawa nalipita kila asubuhi nikijua halinihusu. Leo maji ya glasi iliyo mezani yanatetemeka kila mdundo. Maneno ya wimbo siyasikii kabisa, kinachonifikia ni dum, dum, dum, mpaka kwenye mbavu. Mwanangu ana miaka mitatu na ameshazoea kulala amefunika kichwa kwa mto. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Leseni yao inaishia saa nane. Wameomba iongezwe hadi saa kumi na moja alfajiri, na pingamizi zitasikilizwa wiki mbili zijazo. Mliopitia haya, wa upande wowote, mlisema nini mkasikilizwa?

Jirani wa Ghorofa ya Pili
Pole sana dada. Sisi mara ya kwanza tulienda na hasira tu. Mwenyekiti akauliza, "Ni siku gani, saa ngapi?" Tukabaki tunatazamana. Leseni ikatolewa.

Mara ya pili tulienda na daftari la wiki kumi na moja: tarehe, saa, chumba gani, dirisha lilikuwa wazi au limefungwa, kilichosikika ni nini hasa. Kila nyumba iliandika ya kwake. Msichapishe barua moja watu wakaja kusaini, ile huonekana ni sauti ya mtu mmoja.

Na daftari lilitufundisha jambo ambalo hatukulitarajia. Mara nyingi tulikuwa tunaamshwa baada ya muziki kuzimwa. Watu wanaagana barabarani, honi, milango ya magari, ugomvi mdogo mdogo. Tungebishania spika peke yake tungeshinda kesi na bado tusilale. Tukaomba masharti mawili yaandikwe ndani ya leseni: walinzi wakae nje mpaka mteja wa mwisho aondoke, na magari yachukulie abiria upande wa pili wa jengo. Yakaandikwa. Tofauti tuliiona mwezi uleule.

Fundi Mitambo
Dada, hiyo dum dum ni besi, yaani sauti nzito ya chini, na ndiyo ngumu kuzuia kuliko zote. Wimbi la sauti ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7. Sponji za ukutani hazilizuii, zile hupunguza mwangwi wa sauti za juu mlemle ndani. Besi huzuiwa na ukuta mzito, milango miwili yenye nafasi katikati ili wa ndani ufungwe kabla wa nje haujafunguliwa, na spika zilizowekwa juu ya mipira zisigonge sakafu. Pia kuna kifaa cha kudhibiti kiwango cha sauti. Kifungwe, na ufunguo asiwe nao DJ.

Wakileta vipimo, uliza vimechukuliwa kwa mizani ipi. Kipimo cha kawaida cha desibeli A hupunguza hezi 50 kwa takriban desibeli 30, kwa hiyo karatasi inaweza kusema kimya huku glasi yako inacheza. Omba na kipimo cha C, ambacho karibu hakiipunguzi besi hiyo, kichukuliwe chumbani kwako usiku ukumbi ukiwa umejaa. Shirika la Afya Duniani mwaka 1999 lilipendekeza desibeli 30 kwa kelele mfululizo chumbani, kwa mizani ya A, na lilisema wazi kwamba besi ikiwa nyingi kiwango kishuke zaidi.

Mwenye Ukumbi
Nami niseme kutoka upande wa pili. Nilifungua nikiwa na karatasi zote na sikuwa nimebisha hodi kwa jirani hata mmoja. Muziki ulisimamishwa wiki tatu, wafanyakazi kumi na wanne wakakaa bila kazi. Niliumia, lakini mama mmoja alinikaribisha nyumbani kwake saa sita usiku, nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, simu sikioni, nikimwambia DJ apunguze, apunguze tena. Kiwango nilichodhani ni cha chini kilikuwa kinatikisa kabati lake. Tulipofika ambapo kabati lilitulia, tukatia alama kwenye mtambo, na haijavukwa tena. Wateja hawakupungua.

Sasa majirani wana namba ya simu inayopokelewa na meneja wa zamu. Na nusu saa ya mwisho tunashusha mdundo na kuwasha taa taratibu, watu watoke wametulia.

Mpangaji Mpya
Swali la nani alitangulia lina uzito pia. Mimi ndiye niliyehamia kando ya ukumbi wa miaka mingi. Jimbo la Victoria huko Australia tangu 2014, na Uingereza tangu 2018, kanuni za mipango miji humtwisha anayeleta mabadiliko jukumu la kuzuia kelele. Kwangu, mwenye jukumu hilo angekuwa mjenzi wa nyumba. Kwako dada, ni wao waliokukuta.

Mama Mdogo
Asanteni kutoka moyoni. Mwenye Ukumbi, kesho nitakwenda kumwomba wa kwangu aje akae chumbani kwangu kama ulivyofanya. Daftari nimelianza sasa hivi:

"Muziki umezimwa saa nane na dakika tano. Dirisha limefungwa. Saa nane na nusu: honi mbili, mlango wa gari, mtu anamwita mwenzake. Mtoto ameamka."