Naomba ushauri: nitibuje mbegu za mahindi, maharage na nyanya bila dawa za viwandani?

Mkulima_Hai: Wadau, habari za humu. Mbegu zangu huwa najitunzia mwenyewe kutoka mavuno yaliyopita. Mahindi yanaota kwa mafungu: mengine yana majani matatu, mengine ndiyo kwanza yanachungulia. Miche ya nyanya inalala kitaluni, shingo inalainika pale inapogusana na udongo. Maharage yanaota vizuri, kisha yanageuka njano na kudumaa. Nimeshauriwa nichanganye majivu, mkojo wa ng'ombe na maji ya moto, niloweke mbegu zote humo. Mchanganyiko huo unafaa kweli? Nataka shamba libaki la kilimo hai.

Mama_Kitalu: Usichanganye, ndugu yangu. Hayo ni matatizo matatu tofauti, na kila moja lina njia yake.

Nyanya ndizo zinazofaa maji ya moto. Funga mbegu kwenye kitambaa chepesi, zitangulize dakika 10 kwenye maji ya nyuzi 37 au 38 za Selsiasi, kisha uzihamishie kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25. Toa, tumbukiza kwenye maji baridi, zianike kivulini. Kipimajoto ni lazima. Ukikadiria kwa kidole, ama utaua mbegu ama vimelea vitabaki. Kabichi nayo ni nyuzi 50 kwa dakika 25, na inasaidia sana dhidi ya uozo mweusi. Mahindi na maharage usiyapeleke huko kabisa: mbegu kubwa huharibika kabla joto halijafika ndani.

Fundi_Udongo: Mama Kitalu yuko sahihi kuhusu maji ya moto, ila niongeze jambo moja ili mwenye uzi asije akakata tamaa. Maji ya moto husafisha vimelea vilivyokuja na mbegu. Miche kulala na kulainika shingo ni dalili ya kinyausi, na vimelea vyake mara nyingi vimo kwenye udongo wa kitalu. Utasafisha mbegu vizuri, kisha uirudishe kwenye ugonjwa uleule. Hapo tumia trikoderma, kuvu rafiki anayewahi kushika eneo la mizizi na kuwashambulia kuvu wabaya. Pakaza kwenye mbegu baada ya maji ya moto, kamwe si kabla, maana utamuua. Na punguza maji kitaluni, sia kwa nafasi, hewa ipite. Binafsi naamini maji mengi yanaua miche kuliko mbegu mbaya.

Jembe_la_Mkono: Mahindi yako yaloweke usiku kucha, kwa muda wa saa 12 hadi 18, kwenye maji safi ya kawaida. Asubuhi chuja, tandaza mpaka ngozi ya nje ikauke, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Yakizidi saa 24 yanaanza kuchipua, na ukiyapanda kwenye udongo mkavu umeyapoteza. Lakini kwanza hesabu mbegu 100, zifunge kwenye kitambaa kibichi kwa wiki moja, uone zinaota ngapi. Zikiota 60, kuloweka hakutafufua hizo 40.

Mkulima_Hai: Asanteni sana. Na maharage niyaloweke pia?

Jembe_la_Mkono: Hapana. Maharage makavu hunywa maji haraka mno, ganda linapasuka na kiini kinaumia.

Fundi_Udongo: Hayo ya njano chimbua mche mmoja wakati wa kutoa maua, utazame mizizi. Pasua vinundu. Ndani vikiwa vyekundu au vya waridi, bakteria waishio humo wanakamata naitrojeni ya hewani kuulisha mche. Vikiwa vyeupe au hakuna kabisa, tafuta rizobia ya maharage, yaani unga wenye bakteria hao. Ya soya haitakusaidia, maharage na soya hawatumii bakteria wale wale. Lowanisha mbegu kidogo kwa maji ya sukari, changanya unga wa rizobia kivulini, panda mara moja na ufukie. Jua linawaua. Majivu pia usiyaweke hapo, yana ukali wa magadi. Vinundu vikiwa vizuri na majani bado ni ya njano, basi angalia maji yanayotuama au uchachu wa udongo kabla ya kulaumu mbegu.

Mkulima_Hai: Na mkojo wa ng'ombe niuache kabisa?

Mama_Kitalu: Kwenye mbegu ndiyo, uache. Una amonia na chumvi, usipozimuliwa sana unaunguza kiini. Upeleke kwenye mboji, huko utafaa. Majivu yatumie kuhifadhia mbegu kavu zisibunguliwe, uyapepete kabla ya kupanda. Ukianza, tibu nusu ya mbegu za nyanya na uache nusu bila kutibu, usie kwenye kitalu kimoja, halafu urudi hapa utueleze ulichoona.