Yule mtaalamu wa AI kanidhalilisha mbele ya bosi, eti "mkono mzito"!

Dada wa Njiro:

Wakuu, leo sina salamu. Natetemeka hapa nilipo.

Yule jamaa mnamjua. Msimtaje jina, wasimamizi watafunga uzi. Yule mwenye laptopu iliyojaa stika, anayezunguka ofisi za utalii hapa Arusha kuanzia Mnara wa Saa mpaka Njiro akiahidi kuwarahisishia watu maisha. Huyo huyo.

Alikuja ofisini kwetu, akavuta kiti, akawasha kitu cha kurekodi kwenye brauza. "Dada, fanya bukingi ya mgeni mmoja kama kawaida, mimi nanasa kila unachobofya." Nikafanya. Jina, namba ya pasipoti, uraia, tarehe ya kuingia hifadhini, tuma. Mgeni alikuwa bibi mmoja wa Kijerumani. Jamaa akahifadhi zile hatua, akamkabidhi ajenti wa AI, yaani programu inayobofya na kujaza fomu yenyewe, akamwambia bosi kuanzia sasa kazi itajifanya yenyewe. Akalipwa, na nyama choma juu.

Leo asubuhi ajenti kapewa kundi la wageni 12. Wakuu, wote 12 wametoka kwa jina la yule bibi! Kijana wa Kikorea mwenye ndevu, bibi. Mume na mke na watoto wao, bibi, bibi, bibi. Ningechelewa kufungua skrini, Kilimanjaro yenyewe na mita zake 5,895 ingesajiliwa kwa jina la bibi.

Sasa sikieni. Bosi kampigia, kaja. Ofisi nzima imesimama, madereva wapo, hata mama wa chapati yupo mlangoni na ndoo yake. Natarajia aombe radhi. Anatazama skrini, ananigeukia, anasema: "Tatizo huyu dada mkono wake mzito, alibofya vibaya wakati wa kurekodi."

Mkono mzito! Mimi! Mikono hii ilikuwa inajaza fomu za wageni yeye akiwa bado anafundishwa kuwasha kompyuta! Niliandika jina la mgeni wa siku hiyo, alitaka niandike la nani? Ni kazi yake kulitoa lile jina kwenye rekodi na kuacha nafasi wazi, ajenti aijaze kila safari kutoka kwenye orodha ya wageni. Yeye kamwacha bibi wa watu mle ndani, halafu mimi ndiye mwenye mkono mzito. Mbele ya mama wa chapati! Na bosi kaitikia kwa kichwa. KAITIKIA!

Mkono mzito, jamani.

Chalii wa Ngarenaro: Pole dada. Ila uzi mrefu wote huu umeuandika kwa mkono upi? 😂😂

Fundi Waya: Mleta uzi yuko sahihi kabisa. Ukirekodi, kinachohifadhiwa ni hatua pamoja na maneno yale yale uliyoandika. Brauza ya Chrome ina kirekodi chake ndani ya DevTools, zile zana zake za mafundi: unatoa faili la JSON, ni maandishi tu yanayosomeka, unalifungua, penye jina unaweka alama ya nafasi ya kujazwa, kazi imekwisha. Programu ya Selenium IDE ilianza kurekodi hivyo kwenye Firefox tangu 2006, na ni ya bure. Jamaa anawauzia maji ya mvua. Na subirini tovuti ibadilishe kitufe cha kutuma. Rekodi inakitafuta kwa utambulisho wake wa zamani, ikikikosa inagota hapo hapo.

Dada wa Njiro: Asante mkuu! Njoo umwambie bosi wangu hayo, maana mimi naambiwa mkono mzito!

Binti Sekei: Mimi nasubiri picha ya huo mkono tuupime.

Mangi wa Soweto: Huku Moshi kashafika. Hoteli ya shemeji yangu karekodi kila kitu mpaka pasiwedi, ipo ndani ya faili inasomeka peupe, na faili lenyewe kalitupa kwenye grupu la wafanyakazi. Mpishi anajua pasiwedi. Mlinzi anajua pasiwedi.

Chalii wa Ngarenaro: Moshi nanyi mnanunua AI? Si mlisema nyie ni watu wa mahesabu?

Mangi wa Soweto: Kaa kimya, aliyetutapeli katoka kwenu.

Mzee wa Sakina: Mnalilia roboti wakati mimi konda wa kifodi, daladala zetu hizi, kaondoka na chenji yangu asubuhi hii pale Kilombero. Elfu nane! Nimemkimbilia mpaka viatu vimeachia soli.

Binti Sekei: Yule mwenye kofia nyekundu? Mimi alinishusha Kwa Mrefu nikiwa nimelipia mpaka Ngaramtoni. Eti gari linarudi.

Dada wa Njiro: Wakuu, turudi kwenye mada. Mbele ya mama wa chapati!

Chalii wa Ngarenaro: Dada subiri kwanza, elfu nane si mchezo.

Mangi wa Soweto: Makonda wa Moshi wana adabu. Chenji unapewa kabla hujakaa.

Fundi Waya: Mangi, hiyo ni chai. Mimi pale stendi yenu nilizungushiwa chenji mpaka gari likaondoka na begi langu.

Mzee wa Sakina: Ndiyo huyo huyo, Binti! Kofia nyekundu, sauti imekauka. Gari lake lina maandishi gani kioo cha nyuma? Kesho saa kumi na mbili nipo Kilombero.