Mrejesho: lile faili la "José" limefunguka

Wakuu, niliuliza kwa nini skripti yangu ya Python kwenye Linux inadai "José.pdf", faili lililotoka kwenye Mac, halipo, ilhali naliona kwa macho. Kumbe é ziko mbili! Moja ni herufi nzima, U+00E9 (namba yake katika Unicode, orodha ya herufi za kompyuta), baiti 2 katika UTF-8 (usimbaji, yaani namna ya kuhifadhi herufi kama baiti). Nyingine ni e ya kawaida iliyobandikwa alama U+0301, jumla baiti 3. Machoni ni pacha. Kwa Linux, inayolinganisha baiti tu, ni majina mawili. Sasa napitisha jina ninaloandika na yaliyomo kwenye folda katika unicodedata.normalize("NFC", jina), inayounganisha e na alama yake kuwa é moja nzima, nalinganisha, kisha nafungua kwa jina la asili lililoko kwenye folda. Aliyesema nibadili usimbaji, samahani mkuu, UTF-8 haikuwa na kosa. Siku mbili zimeliwa na kialama kimoja!